Kabla ya Kadi ya Kliniki

Ukiniuliza nimejifunza nini katika kutafiti mimba changa na ukuaji wa mtoto tumboni, nitaanza na tarehe. Takribani siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, mrija wa neva wa mtoto, ule ambao baadaye unakuwa ubongo na uti wa mgongo, unakuwa umeshafunga. Kwa wakati huo mama amepitisha siku zake kwa wiki mbili hivi. Kama ni Juni, na yuko Mbeya au Makete, anaweza kudhani ni baridi imemchosha, au ni kazi ya kuvuna. Mrija usipofunga upande wa chini, mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Usipofunga upande wa juu, ubongo na fuvu havijengeki, na mtoto huyo haishi. Na kwa akina mama wengi wa huku, huduma zote za ujauzito tunazozijua, yaani kadi, vidonge, vipimo vya damu na kupimwa tumbo, zinaanza tarehe hiyo ikiwa imeshapita.

Tarehe yenyewe inafundishwa mwanzoni kabisa mwa somo la embriolojia, yaani la ukuaji wa mtoto tumboni, na mwanafunzi yeyote wa udaktari atakutajia. Kuifanya ndiyo ratiba ya kazi yako yote ya utafiti ni jambo jingine. Nayaandika haya hasa kwa vijana wa Nyanda za Juu Kusini wanaoingia kwenye fani hii, kwa sababu naona wengi wanavutwa na mashine na maabara kubwa, na mimi naamini jibu la mambo mengi ya huku kwetu liko ghalani.

Nimezaliwa Kilolo, mkoani Iringa, kwenye nyumba ya mahindi, viazi na maharage kama nyumba zote za jirani. Udaktari nilisomea Muhimbili, kisha nikarudi kufanya kazi huku juu. Huku ndiko nilikompokea kwa mikono yangu mtoto wa kwanza mwenye mgongo wazi. Alikuwa na uvimbe laini juu kidogo ya makalio, ngozi yake nyembamba kiasi kwamba ulikuwa unayaona maji ndani. Alilia vizuri, mikono ilicheza vizuri, miguu haikucheza. Tulifunika uvimbe kwa chachi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, tukamlaza kifudifudi, tukaandika rufaa ya kwenda MOI, Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako watoto wa mgongo wazi na vichwa vikubwa wanafanyiwa upasuaji. Kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800 za barabara. Fikiria mama aliyejifungua juzi, mtoto kifudifudi mapajani, basi linapinda Kitonga.

Ndugu walikuwa na maelezo yao: laana, mkono wa mtu, na upande wa mume kulikuwa na minong'ono mibaya zaidi. Mama mwenyewe aliniuliza swali moja tu. "Daktari, nilikula nini?"

Wakati ule sayansi ilikuwa na nusu ya jibu, na nusu hiyo ilihusu kile ambacho hakula. Swali lake lote kwa jumla ndilo lililonifanya niombe nafasi ya kusomea utafiti badala ya kuendelea na upasuaji, ambao ndio nilikuwa nimeupenda.

Shahada ya uzamivu nilisomea nje ya nchi, na huko nilikabidhiwa mayai ya kuku. Kiinitete cha kuku, yaani kifaranga kikiwa ndiyo kwanza kinaanza kujengeka, kinafanana sana na cha binadamu katika siku zake za mwanzo, na uzuri wake ni kwamba unaweza kukitazama kikiwa hai. Yai linalazwa ubavu kwenye kiatamishi chenye joto la nyuzi 38 hivi, ili kiinitete kielee juu. Baadaye unachoma tundu dogo upande butu, unavuta ute mweupe kidogo kwa sindano ili kiini kishuke na kuachana na ganda, unabandika utepe juu, kisha unakata dirisha dogo kwa mkasi. Ukichungulia kwa macho huoni kitu zaidi ya umanjano. Kwa hiyo unaingiza wino mweusi kidogo sana chini ya kiinitete, polepole, na ghafla kinajitokeza: mstari mweupe usiozidi milimita chache, juu ya weusi.

Mnamo saa ya 30 hivi tangu yai liwekwe kwenye joto, utaona kingo mbili za mstari ule zinainuka na kuelekeana, kama mtu anayekunja mkeka ili ncha zake mbili zikutane. Zinagusana kwanza mahali ambapo patakuwa ubongo wa kati, kisha mshono unaendelea kwenda juu na kwenda chini. Ukikiwekea kiinitete kitu cha kukizuia kabla ya hapo, mshono hauungani. Ukikiwekea kitu hicho hicho mrija ukiwa umeshafunga, mgongo haufunguki tena. Nilikaa na hadubini ile usiku kwa usiku, na sijaona kitu kilichonifundisha zaidi kuhusu wakati. Dawa nzuri iliyochelewa saa chache haikuwa na kazi yoyote kwenye mshono ule.

Niliporudi Mbeya niliendelea na mayai kwa muda. Mayai ya kisasa ya kwenye trei hayafai, kwa sababu kuku wake hawakai na jogoo. Nilimpata mama mmoja muuza mayai ya kienyeji Mwanjelwa, akawa ananichagulia yale ambayo anajua kuku wake anatembea na jogoo, na akaniuliza kama natotoa vifaranga vya biashara. Nilimweleza kazi yenyewe. Akasema dada yake alizaa mtoto wa namna hiyo, Rungwe, na kwamba hakuna aliyewahi kumweleza chochote. Nimekutana na sentensi hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, kutoka kwa makondakta, walimu, wake wa wachungaji. Tatizo hili limejificha majumbani. Watu hawalitaji mpaka wewe ulitaje kwanza.

Sasa nirudi kwenye ile nusu ya jibu. Lucy Wills, daktari Mwingereza, alienda Bombay mwishoni mwa miaka ya 1920 kuchunguza upungufu wa damu kwa wajawazito maskini wa viwandani. Aligundua kwamba kitu fulani kilichomo kwenye hamira kinaurekebisha. Kitu hicho baadaye kilitambuliwa kuwa ni folati, ambayo tukiitengeneza kama kidonge tunaiita foliki asidi. Mwili unaihitaji ili seli zigawanyike, na hakuna mahali seli zinagawanyika kwa kasi kama kwenye kiinitete. Mwaka 1991 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, uliofanyika katika vituo 33 vya nchi 7. Ulihusisha wanawake ambao walishawahi kupata mtoto mwenye kasoro ya mrija wa neva. Waliopewa miligramu 4 za foliki asidi kila siku kabla ya kushika mimba na wiki za mwanzo walipunguza hatari ya tatizo kurudi kwa asilimia 72. Mwaka uliofuata watafiti wa Hungaria, Andrew Czeizel na István Dudás, wakaonyesha kwamba hata wanawake ambao hawajawahi kupata mtoto wa namna hiyo wanalindwa. Mwaka 1998 Marekani ikalazimisha foliki asidi iwekwe kwenye unga wa nafaka.

Ni moja ya ushindi mkubwa wa tiba katika karne iliyopita, na ni wa bei ya kidonge. Kwetu kidonge hicho kipo pia. Kila mama wa huku anakifahamu: FEFO, vidonge vya kuongeza damu, madini ya chuma pamoja na foliki asidi, wanavyopewa kliniki. Lakini wengi wanaanza kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza. Vidonge vinasaidia damu yake, na hilo si jambo dogo, wanawake wanakufa kwa kukosa damu. Ila kwa upande wa mgongo wa mtoto, FEFO ya mwezi wa nne inafika mshono ukiwa umeshamaliza kazi, vizuri au vibaya. Nimekaa kwenye vikao vingi ambako tatizo lilielezwa kuwa ni uzembe wa akina mama kuchelewa kliniki. Hapana. Hata anayewahi sana, anayekuja wiki ya nane, amechelewa kwa hili. Utaratibu wenyewe unamwita akiwa ameshapitiwa na tarehe.

Na bado hiyo ni ile nusu inayohusu kile ambacho mama hakula. Nusu nyingine, kile alichokula, ndiyo iliyonitoa maabara.

Mwaka 1991, mjini Brownsville, Texas, mpakani na Meksiko, watoto 3 wasio na ubongo kamili walizaliwa ndani ya saa 36. Wauguzi wakashtuka, uchunguzi ukafanyika, na katika mambo yaliyofuatiliwa yakawemo mahindi. Wanawake wa eneo lile wanakula chapati za mahindi kila siku. Mahindi ya kipindi kile yalikuwa na sumu nyingi ya kuvu, na farasi waliolishwa mahindi walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa ubongo. Sumu hiyo inaitwa fumonisini, na ilikuwa imetambuliwa mwaka 1988 tu, na wanasayansi wa Afrika Kusini. Inatengenezwa na kuvu wa jamii ya Fusarium, yule anayeingia kwenye gunzi shambani mahindi yakiwa bado yamesimama. Tafiti zilizofuata kwa panya zilionyesha njia yake. Fumonisini inazuia utengenezaji wa aina fulani ya mafuta ya utando wa seli, na vipokezi vinavyoingiza folati ndani ya seli vimekaa juu ya mafuta hayo. Mafuta yakipungua, folati inapita mlangoni bila kuingia. Panya wenye mimba waliopewa sumu hiyo walizaa watoto wenye kasoro ya mrija wa neva, na folati ilipunguza madhara bila kuyaondoa yote. Kwa binadamu ushahidi haujafikia kiwango cha ule wa foliki asidi, na sijawahi kumwambia mama yeyote kwamba ugali wake ndio uliomuumiza mtoto. Lakini mtu aliyezaliwa Kilolo hawezi kusoma habari za Brownsville akalala.

Sisi tunakula mahindi asubuhi kwa uji, mchana kwa ugali, jioni kwa ugali, na katikati ni kande. Watafiti wa Kitanzania walishaanza kazi hii kwa upande wa ukuaji wa watoto. Utafiti ulioongozwa na Candida Shirima, uliochapishwa mwaka 2015, uliwafuatilia watoto wadogo katika vijiji vitatu, kimoja kikiwa Nyabula, Iringa, na ukakuta kwamba watoto waliokuwa na fumonisini zaidi mwilini walikuwa wafupi zaidi. Ukiuweka utafiti huo kando ya takwimu za taifa za mwaka 2022, unapata la kufikiri: udumavu kitaifa asilimia 30, Iringa asilimia 57, Njombe na Rukwa karibu nusu ya watoto. Mikoa inayolisha nchi. Wageni wanashangaa inakuwaje, na nadharia ni nyingi, na nyingi ni za kweli kwa sehemu: mama kukosa muda wa kunyonyesha kwa kazi za shamba, mlo wa aina moja, maji, magonjwa ya kuhara. Mimi nilitaka kuona mahindi yanatembeaje ndani ya nyumba.

Tulipoanza kwenda vijijini kukusanya sampuli za unga na mkojo wa asubuhi, maana sumu hii inaweza kupimwa kwenye mkojo, mkutano wa kwanza ulikuwa mgumu. Wanaume walitaka kujua mkojo wa wake zao unapelekwa wapi na unafanywa nini. Ni swali la haki kabisa, na fomu ya ridhaa yenye kurasa nyingi haikulijibu. Lililolijibu ni kukaa, kuonyesha chupa, kueleza kipimo hatua kwa hatua, na kukubali kurudi kusema matokeo hata kama ni ya kuchosha. Tulirudi. Kurudi ndiko kulikotufungulia milango mingine, kwa sababu watafiti wengi wanachukua na kupotea, na vijiji vinakumbuka.

Katika nyumba moja ya Iringa Vijijini nilimkuta bibi anapukuchua na wajukuu. Nikamwamkia, "Kamwene, bibi," nikaomba nikae niwasaidie. Mbele yake kulikuwa na malundo matatu. La kwanza, punje nzima, nyeupe, zinazong'aa. La pili, zilizokatika na zenye rangi ya waridi au kijivu kwa mbali. La tatu, zilizooza kabisa, zenye unga wa ukungu. Nikauliza kila lundo linakwenda wapi.

"Hili la wanunuzi, mwanangu. Wanataka safi, wakiona punje mbovu wanakushusha bei au wanakurudishia gunia. Hili bovu kabisa ni la kuku, mengine ya pombe ya komoni."

"Na la katikati?"

"La katikati letu."

Nilishika punje za lundo lile la katikati. Ukikwangua kwa ukucha pale kwenye ncha, penye kiini, unakuta utando wa rangi ya waridi umeshikilia chini ya ganda. Zinasagika, zinapikika, hazina ladha mbaya, na kuchemsha ugali hakuiondoi sumu hii. Kwa ajili ya soko, gunia linalokwenda mjini linasafishwa na mikono ya bibi na wajukuu wake. Kinachobaki kinaliwa na watu wale wale waliolisafisha, na binti aliyeolewa mwaka huu ni mmojawapo. Sikuwa nimelisoma hilo kwenye makala yoyote ya maabara. Linahusu bei, na ndilo lililobadilisha maswali yangu yote yaliyofuata.

Kuna mvutano hapa ambao lazima niuseme wazi kwa sababu unawachanganya hata wataalamu. Kwa miaka mingi tumehimiza watu wale dona badala ya sembe, na kwa sababu nzuri: ukikoboa mahindi unatupa sehemu kubwa ya vitamini. Lakini fumonisini nayo imejazana kwenye ganda na kiini, sehemu zile zile zinazotoka kwenye kukoboa. Dona ya mahindi safi ni chakula bora. Dona ya lundo la katikati inampa mama sumu yote iliyomo. Kwa hiyo ushauri wa "kula dona" hauwezi kutolewa peke yake. Lazima uanze na kuchagua: kutoa punje zilizopondeka, zilizopasuka na zenye rangi, kisha kuosha na kuondoa zinazoelea. Ni kazi ya mikono, na inapunguza sumu kwa kiasi kikubwa. Ila ukimwambia mama achague zaidi unamwambia apunguze chakula cha nyumbani, au apunguze gunia la kuuza. Mtafiti asiyetamka gharama hiyo mbele ya mama anaonekana mara moja kuwa hajui maisha. Mwaka 2016 sumukuvu ya aina nyingine, aflatoksini, iliua watu 20 Dodoma na Manyara, na tangu hapo neno sumukuvu linasikika redioni. Ni vizuri. Ila aflatoksini inajulikana kwa kuua kwa ghafla, na fumonisini ya huku kwetu kwenye baridi haifanyi kelele yoyote.

Kuna kipindi kingine ambacho kilinifunza upande wa pili wa kazi hii, yaani jinsi habari za mimba changa zinavyoweza kuumiza. Mei 2018 uchunguzi uitwao Tsepamo, unaofuatilia watoto wanaozaliwa Botswana, ulitoa tahadhari. Katika wanawake 426 walioanza kutumia dolutegraviri, dawa ya kufubaza VVU, kabla ya kushika mimba, 4 walizaa watoto wenye kasoro ya mrija wa neva. Ni karibu asilimia 1, wakati kwa wengine ilikuwa kama 1 kati ya 1,000. Nchi nyingi zikasita kuwapa wanawake wa umri wa kuzaa dawa hiyo, ingawa ilikuwa bora kuliko ya zamani. Sasa angalia ramani yetu. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023, maambukizi ya VVU kwa watu wazima yalikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Habari ile ilikuwa inawahusu wanawake wetu moja kwa moja.

Walinijia wakiwa na hofu. Mwalimu mmoja kijana alikuwa amesoma kwenye simu kwamba dawa "inatoboa mgongo wa mtoto", na alikuwa anafikiria kuacha dawa zote. Kuacha dawa ndiyo hatari kubwa kwake na kwa mtoto, kuliko yote yaliyokuwa yakisemwa. Nilichoweza kumpa kwa uaminifu ni hesabu: watoto wanne ni wachache mno kujenga hukumu, na wengine wanazaliwa Botswana kila siku na wanahesabiwa. Kufikia 2019 hesabu ilikuwa 5 kati ya 1,683, yaani asilimia 0.3, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa hiyo kwa wote, wakiwemo wanawake wanaotaka kuzaa. Watoto walivyozidi kuhesabiwa, tofauti ikaisha.

Botswana waliweza kutoa tahadhari ile na kuiondoa kwa sababu moja: walikuwa wanamkagua kila mtoto anayezaliwa katika hospitali zao kubwa na kuandika. Hilo ndilo lililonipeleka wodi za wazazi kuzungumza na wakunga kuhusu mgongo. Huku kwetu kuna jambo linalotokana na hali ya hewa tu. Mtoto akizaliwa Julai, Mbeya au Mafinga, wodi ni ya baridi, na kila mkunga mwenye akili anamfunika vitenge haraka iwezekanavyo, akiwa juu ya mama yake. Mgongo hauonwi. Kasoro kubwa itaonekana tu, lakini ndogo, kishimo kidogo, kikundi cha nywele au ngozi nyembamba juu ya kiuno, inaondoka na mtoto nyumbani. Kwa hiyo tulikubaliana na wakunga kitu kidogo: kabla ya kufunga kitenge cha mwisho, mtoto akiwa bado kifuani kwa mama, pitisha kidole kutoka kisogoni hadi mwisho wa uti wa mgongo, kisha tazama. Andika hata kama mgongo ni mzima. Kuandika wazima ndilo jambo gumu kulielewa kwa wengi, na bila wazima huna jumla ya kugawia idadi ya wenye kasoro.

Wakunga wale, wengine wenye uzoefu kuliko mimi, ndio watafiti bora niliowahi kufanya nao kazi. Mmoja alinionyesha kwamba akina mama wanaotoka bonde moja wanajifungua zaidi miezi ile ile, miezi tisa baada ya mavuno, na akaniuliza kama nimewahi kupanga watoto wa mgongo wazi kwa mwezi wa kutungwa badala ya mwezi wa kuzaliwa. Ni swali la kiwango cha juu kabisa, kwa sababu mwezi wa kutungwa unakuambia mama alikuwa anakula mahindi ya msimu gani, mapya au ya akiba ya ghalani.

Mwishowe, kama mtoto anajengwa kabla ya kliniki, lazima tumtafute mama kabla ya kliniki. Yuko wapi? Nimejifunza kwamba yuko mahali pengi. Yuko kwenye mafundisho ya ndoa ya parokia na sharika, ambako wachungaji na mapadri wamenipa saa moja kati ya somo la uvumilivu na somo la fedha. Yuko kwenye kicheni pati, na nawaomba wadau wa afya wasiidharau sherehe hiyo. Mashangazi wanapomfunda bi harusi wanazungumza naye mambo ya mwili wake kwa uwazi ambao hakuna daktari atakaoupata, na kifungashio cha foliki asidi kinaweza kukaa kwenye kapu la zawadi pamoja na sufuria. Yuko pia kwenye foleni ya chanjo ya surua akiwa na mtoto wa miezi tisa mgongoni, bila mimba, karibu kushika nyingine. Na wengi wako sekondari. Kwa aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, ujumbe ni mkali zaidi: asisubiri. Aongee na daktari kabla ya kutafuta mtoto mwingine, apewe dozi kubwa, maana kile kidonge cha kawaida hakimtoshi.

Na yuko mashineni. Kanuni za mwaka 2011 zilifungua njia ya kuongeza virutubisho kwenye unga nchini, na viwanda vikubwa vya ngano vinafanya. Lakini ugali wa kijijini hautoki kiwandani, unatoka kwenye mashine ya kusaga iliyo jirani na zahanati au sokoni. Ndiyo maana mwanafunzi akija kwangu siku hizi, kabla hajashika pipeti, kile kifaa cha maabara cha kunyonyea vimiminika, ninampeleka mashineni akae na kijitabu: nani kaleta mahindi, ya shamba lake au ya kununua, yamechaguliwa au hayajachaguliwa, dona au sembe, nani nyumbani anakula kwanza. Wanaolalamika mwanzoni ndio wanaorudi na maswali mazuri.

Vipo vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye mashine na kudondosha mchanganyiko wa virutubisho kadiri mahindi yanavyopita, foliki asidi ikiwemo. Mwenye mashine mmoja wa Mbozi alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta unga mikononi, akaniambia ukweli wake. "Dokta, mteja wangu anakuja na debe lake, anasimama pale, anaondoka na unga wake mwenyewe. Nikimwambia kuna kitu naongeza, kesho yuko kwa jirani. Hata kama ni bure."

Yuko sahihi, na mabango ya uhamasishaji hayawezi kumjibu. Tumezungumza na ofisi ya kata na kina mama wa vikoba, ambao ndio wanaobeba madebe hayo. Wao wamependekeza tukutane na wenye mashine wote wa kata siku moja, waanze pamoja au wasianze kabisa, na mchanganyiko uonyeshwe hadharani, uonjwe, upikiwe uji pale pale. Kikao kimepangwa baada ya mavuno, mahindi mapya yakianza kushuka mashineni.